Siku sita chini ya minazi ya Unguja: Darajani, Bumbwini, Jambiani, Makunduchi

Simulizi hii imeunganishwa baada ya kurudi, kutoka kwenye picha za simu na daftari ambalo kurasa zake nne zililowa maji ya chumvi. Bei ni zile tulizolipa wenyewe. Mwaka ujao zitakuwa nyingine. Safari ilikuwa ya jambo moja tu: kufuata mnazi kutoka sokoni hadi shambani, kisha hadi ufukweni, kuona nani anaishi kwa sehemu gani ya mti ule.

Siku ya 1, 19 Julai. Dar es Salaam hadi Mjini, Unguja

Boti ya asubuhi, sh. 30,000, safari ya saa mbili hivi. Julai ni mwezi wa kusi, na siku hiyo lilikuwa limekaza. Kaa sitaha ya chini, nyuma, karibu na katikati; mbele chombo kinapiga na wanaotapika ni wengi. Usisahau kitambulisho, tiketi haikatwi bila hicho.

Mchana tulikwenda soko la Darajani. Ukisimama mbele ya meza na kusema "nataka nazi", muuzaji atakuuliza nazi ya nini, na hakuulizi kwa udadisi. Tunda hili lina majina kwa umri wake, na kila jina lina kazi na mnunuzi wake. Ua likipasua karara, yaani ganda linalolifunika, ni upunga. Vitunda vidogo vinavyofuata ni vidaka. Vingi hudondoka vyenyewe na hakuna anayevililia. Kitale kina maji yasiyo na utamu bado. Dafu huwa tayari likiwa na umri wa miezi sita hadi minane: maji matamu, nyama laini ya kukwanguliwa kwa kijiko kilichochongwa kutoka kwenye kumbi lake lenyewe, lile ganda la nje lenye nyuzi. Koroma ni la katikati: maji yamepoteza utamu, nyama imeanza kushika lakini haijatoa mafuta, na ukiikuna utapata tui jepesi lisilokoleza mchuzi. Nazi kamili hukaa juu ya mti miezi kumi na miwili hivi. Ikikauka mpaka nyama ikaachana na kifuu na kugonga ndani, hiyo ni mbata.

Mgeni huuziwa koroma kwa bei ya nazi. Itikise: nazi iliyokomaa maji yake yanacheza na sauti ni nyepesi; koroma limejaa, halisemi kitu. Kisha tazama macho matatu. Jicho lenye unyevu au ukungu wa kijivu maana yake hewa imeshaingia, na tui litanuka. Tulinunua mbili kwa sh. 1,000 kila moja, dafu kwa sh. 1,500. Dafu lililokwisha kuchongwa na kukaa juani ni la kuacha, hata likipunguzwa bei.

Jioni tulipita Forodhani. Beit al-Ajaib, jumba la makumbusho ambalo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020, lilikuwa bado limefungwa. Ndani yake ndimo kulikuwa na mfano wa mtepe, chombo cha kale cha pwani hii ambacho mbao zake hazikupigwa msumari hata mmoja: zilishonwa kwa kamba ya usumba, yaani nyuzi za makumbi ya nazi, na tanga lilikuwa la mkeka. Mabaharia wa Kigiriki walikwisha kuandika habari za vyombo vya kushonwa katika mwambao huu karne ya kwanza. Msumari hushika kutu na ubao hupasuka ukigonga mwamba, ilhali mshono hulegea kidogo na kurudi.

Siku ya 2, 20 Julai. Bumbwini

Vituo vya daladala Mjini vimehama mara kadhaa. Uliza siku hiyohiyo, usitegemee maelezo ya zamani. Tulingoja dakika hamsini gari lijae, sh. 1,500 kwa kichwa. Mama mmoja aliyekuwa na kapu la samaki alitusogeza pembeni ili jua lisitupige, na tulipouliza wapi pa kushukia akamwambia utingo, "Hawa wageni wangu, washushe pa minazi mirefu." Kuanzia hapo hatukulipia chai.

Magharibi na kaskazini mwa Unguja kuna udongo mzito, tofauti na upande wa mashariki wenye uwanda wa mawe. Huku minazi iko shambani, pamoja na mikarafuu, miembe, michungwa na mihogo chini yake. Mashamba mengi ni ya eka tatu zilizogawiwa baada ya Mapinduzi ya 1964. Lakini ardhi na mti si kitu kimoja hapa. Ardhi inaweza kuwa ya mtu mmoja, minazi mitano ndani yake ya shangazi yake, na mmoja wa pembeni ni wakfu wa msikiti. Kwa hiyo ukitaka dafu usinyooshe kidole kwa mti ulio karibu ukadhani mwenye shamba ndiye mwenye ruhusa.

Mkwezi aliyekuwa akiangua alitumia kitanzi cha kamba miguuni na vipandio vilivyokatwa kwenye shina. Vipandio vinarahisisha kazi na vinaharibu mti: kila mkato hukusanya maji, na mkato uliochimbwa ndani sana huoza. Wakwezi wazuri huvikata vifupi na kwa mteremko ili maji yatoke. Hatari kubwa iko juu, mwisho wa safari. Kuti lililokauka hushikika kama zima kisha hung'oka na uzito wa mtu, kwa hiyo mkono hauwekwi kwenye kuti la njano. Mkwezi huanza kwa kusafisha taji: makuti makavu, makarara, viota vya panya. Ndipo hukata mashazi, yaani mikungu ya nazi, huku akiacha yale ambayo nazi zake hazijaanza kubadilika rangi. Mnazi mrefu wa Afrika Mashariki hutoa kuti moja na ua moja kila mwezi hivi, ndiyo maana juu ya mti mmoja utakuta umri wote kwa pamoja, upunga hadi nazi, na ndiyo maana kuangua hufanywa kila miezi mitatu na si mara moja kwa mwaka. Mti uliotunzwa hutoa nazi 40 hadi 80 kwa mwaka. Ulioachwa hutoa nusu ya hizo, au chini.

Chini, kijana alikuwa akifua nazi, yaani akizitoa makumbi. Kifuo ni chuma chenye ncha kilichosimikwa ardhini kwa kimo cha goti kuzidi kidogo. Nazi hushikwa kwa mikono miwili, hupigwa ubavuni, si kichwani, kisha hupindwa kwa uzito wa mwili. Mapigo matatu au manne na makumbi yako chini. Anayejifunza hupiga katikati kabisa na kupasua kifuu, au husimama miguu imebanana, nazi inateleza na ncha inamfuata mwenyewe. Tazama pia wanachoacha: kishungi cha nyuzi juu ya macho. Kishungi hicho ni kifuniko. Nazi iliyofuliwa ikawa uchi kabisa huharibika mapema, kwa sababu jicho laini ndilo mlango wa ukungu.

Sasa maji moto. Hawa ni chungu wekundu-kahawia wanaoshona majani ya mkarafuu na mchungwa kuwa viota. Wanauma vibaya na wakwezi hawawapendi. Lakini kuna kunguni mmoja wa mnazi anayetoboa vidaka na kuvifyonza. Vingi hudondoka, na vinavyobaki hukua na makovu yanayotoa gundi. Katika miaka ya 1950 mtaalamu wa wadudu M. J. Way alichunguza jambo hili hapa Zanzibar, na kunguni yule amepewa jina lake katika sayansi, *Pseudotheraptus wayi*. Palipo na maji moto wengi, kunguni hawakai. Adui wa maji moto ni sisimizi wadogo wa kahawia wanaotawala ardhini na kuwafukuza mitini, na sisimizi hao hushinda zaidi pale shamba linapopaliliwa mpaka udongo ukabaki mtupu. Kwa hiyo shamba linalong'aa kwa usafi, ambalo bwana shamba wa zamani angelisifu, linaweza kuwa ndilo linalodondosha vidaka. Mwenyeji wetu alikuwa na michungwa kati ya minazi na majani yaliyofyekwa bila kung'olewa. Kutoka mchungwa hadi mnazi alikuwa amefunga kamba, daraja la maji moto. "Wanapita wenyewe," alisema, "mie nimewatengenezea barabara tu."

Mdudu mwingine ni chonga, mbawakawa mwenye pembe. Hutoboa moyo wa mti kuti likiwa bado limekunjwa. Likifunguka, utaona limekatwa kama kwa mkasi, umbo la V. Kuti moja si msiba. Moyo ukioza, mti umekwisha, kwani mnazi una moyo mmoja na hauchipui pembeni. Vijana humvuta kwa waya wenye ndoano. Dawa ya kweli iko chini: magogo ya minazi iliyokufa na marundo ya samadi ndimo anamotaga. Gogo lipasuliwe na lichomwe.

Kwa watakaotaka mbegu. Nazi huchukuliwa kutoka mti unaozaa sana miaka yote, si ule uliozaa sana mwaka huu. Hukaa na kumbi lake, hulazwa ubavu kitaluni chini ya kivuli, nusu imezikwa. Mnazi mrefu huota baada ya miezi miwili hadi mitano. Ambayo haikuota kufikia hapo haisubiriwi, inakunwa. Shimo la shambani liwe kama sentimita 60 hadi 90 kila upande, na makumbi makavu yapangwe ndani yakiangalia juu kama vikombe ili yashike maji ya mvua. Umbali ni mita 9 kati ya mti na mti. Watu hubana kwa mita 5 au 6 wakidhani watapata nazi zaidi, na hupata minazi mirefu iliyokonda inayogombea jua. Kuzaa ni mwaka wa sita hadi wa nane. Katika shamba tulilopita, minazi mikongwe ilikuwa mingi kuliko michanga, na viwanja vya nyumba vilikuwa vimeshaanza upande wa barabara.

Angalizo moja: usibebe mche wa mnazi kutoka bara. Mwambao wa bara una ugonjwa unaoua minazi: nazi changa hudondoka, maua huwa meusi, makuti huwa ya njano kuanzia ya chini, kisha taji zima huanguka na kubaki nguzo. Hauna dawa ya shambani.

Siku ya 3, 21 Julai. Jozani hadi Jambiani

Gari namba 309 hadi Jambiani, sh. 3,000. Tulishuka msitu wa Jozani njiani kwa ajili ya kima punju, kima wekundu wa Unguja, ambao wenye mashamba ya jirani huwalaumu kwa kula vidaka. Wanakula kweli, tuliwaona. Lakini utafiti uliochapishwa 1999 ulihesabu na kukuta kwamba pale kima walipokula vidaka zaidi, mavuno ya nazi zilizokomaa hayakupungua. Yalikuwa makubwa zaidi. Maelezo yanayoingia akilini ni kwamba mnazi hudondosha sehemu kubwa ya vidaka vyake hata hivyo, na kima huupunguzia mzigo. Si kila mkulima anakubali, na anayemwona kima juu ya mti wake hana haja ya hesabu yetu. Panya ndiye anayetoboa nazi kubwa, na yeye hupigwa kidogo kuliko kima.

Chumba Jambiani sh. 40,000 na chai ya asubuhi. Jioni mwenye nyumba, Bi mkubwa wa miaka sabini hivi, alituonyesha mbuzi wake, kigoda chenye ulimi wa chuma uliochongwa meno. Hukuna kwa kuzungusha nazi, na huacha akiona rangi ya kahawia, kwani ngozi ile hutia tui weusi na ukali. Nazi iliyokunwa iliingia kifumbuni, kichujio cha kusukwa, pamoja na nusu kikombe cha maji ya vuguvugu. Maji ya moto sana hulipika tui kabla halijatoka. Ya baridi huacha mafuta ndani. Kamuo la kwanza, kasimile, aliliweka kando. La pili na la tatu ndiyo yaliyochemshia samaki na mhogo. Kasimile likaingia mwisho, moto umepunguzwa, mwiko ukienda upande mmoja bila kusimama. "Ukiliacha likachemka peke yake linakatika, mwanangu, unapata mafuta juu na maji chini, na mgeni anakaa anakutazama." Machicha yalikwenda kwa kuku.

Siku ya 4, 22 Julai. Mashimo ya makumbi

Maji ya bamvu, yale yanayojaa na kupwa sana, yalikupwa saa nne asubuhi na bahari ikaondoka mpaka karibu na mwamba. Kwenye mchanga uliobaki wazi kuna duru za mawe zinazofanana na makaburi madogo. Humo makumbi yamezikwa, na juu yamekandamizwa kwa mawe ili bahari isiyachukue.

Makumbi hukaa humo miezi mitatu hadi sita, wengine huacha zaidi. Maji ya chumvi na vijidudu vya matope hula ule unga laini ulioshikanisha nyuzi, na nyuzi zenyewe haziliwi. Shimo likifunuliwa hunuka kama yai viza. Harufu hiyo ndiyo dalili kwamba kazi imekwenda. Mahali pa kuchimba panachaguliwa kwa makini: shimo likiwa juu mno, makumbi hukauka kila maji yakitoka na baada ya nusu mwaka bado ni magumu. Likiwa chini mno, unalifikia siku za bamvu tu, na mawimbi hufukua. Yakisahauliwa humo muda mrefu, nyuzi hugeuka nyeusi na kukatika zinaposokotwa.

Wanawake watatu walikuwa wakitwanga. Kumbi moja huwekwa juu ya jiwe au gogo na kupigwa kwa gongo fupi, likigeuzwa kila mapigo machache, mpaka unga wote umetoka na mkononi umebaki mkungu wa nyuzi za rangi ya dhahabu iliyofifia. Huoshwa hapohapo baharini, hukung'utwa, huanikwa siku moja. Anayepiga kwa hasira huvunja nyuzi. Gongo liangushwe, lisisukumwe.

Kusokota ndiko kulikotuchukua asubuhi nzima kutazama. Nyuzi chache hulazwa kwenye kiganja cha kushoto, cha kulia husugua kwenda mbele, na uzi mmoja huzaliwa. Wa pili hutengenezwa pembeni yake, kisha viganja hurudi nyuma mara moja na nyuzi mbili hujipindana zenyewe, kwa mwelekeo uliopinga ule wa kwanza. Upinzani huo ndio unaozuia kamba kufunguka. Kabla uzi haujaisha, nyuzi nyingine huingizwa, na ukitazama kamba iliyokamilika huoni ilipoungwa. Sisi tulijaribu. Kamba yetu ilikuwa nene hapa na nyembamba pale, na ilifunguka tulipoiachia. Bibi aliyekaa karibu aliichukua, akaifumua yote bila kusema neno, akazirudisha nyuzi kwenye lundo lake.

Kamba ya usumba huelea, huvumilia chumvi na hunyumbuka kidogo inapovutwa. Hutumika kufumia vitanda na kufungia paa. Nailoni ni ya bei nafuu na hudumu zaidi, na mwani, ambao ulianza kulimwa kibiashara upande huu 1989, ulichukua mikono mingi iliyokuwa kwenye makumbi. Wanaotwanga sasa wengi ni watu wazima. Tulinunua pima kumi kwa sh. 5,000. Usiombe kupunguziwa; hesabu saa kwanza.

Mchana tulipita kwa mshonaji wa makuti. Kuti la kumba ni kuti zima lililosukwa, la uzio na chooni. La paa ni la viungo: majani hukunjwa juu ya kijiti na kushonwa kwa ung'ongo, yakipishana. Paa la makuti halivuji kwa sababu ya mwinuko. Likilazwa, maji hukaa, majani huoza, na fundi husingiziwa. Wenye hoteli hutaka paa lililolala kidogo ili lipendeze pichani, na hurudi kwa mshonaji mapema kuliko jirani zao. Ukinunua, yakague kwenye mwanga: ukiona nukta za jua, majani yamepangwa mbalimbali.

Ufukweni minazi kadhaa imelala, mizizi nje. Watu wengi hudhani mnazi huzuia bahari. Mizizi yake ni mingi, myembamba, haina mzizi mkuu; hushika mchanga wa juu na kuvunja upepo, basi. Mchanga ukiliwa kutoka chini, mti hufuata. Kazi ya kuzuia mawimbi ni ya mwamba wa matumbawe na mikoko.

Siku ya 5, 23 Julai. Makunduchi

Kutoka Jambiani ni karibu, lakini magari siku hiyo yalikuwa yamejaa watu wa Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya ya Makunduchi. Tulipakiwa nyuma ya pikapu bure na kijana aliyesema asiye na mgeni siku hii ana mkosi.

Wanaume walipigana kwa migomba, wanawake waliimba mafumbo, na picha zetu zote zimetoka na vumbi. Kilichotuleta ni kibanda. Hujengwa kwa makuti makavu, mtu huingia, huwashwa moto, naye hutoka mbio nyuma. Makuti makavu hushika moto kwa sekunde chache. Simama upande upepo unakotoka; waliosimama upande mwingine walikimbia na viatu mkononi. Jivu likabaki, na wazee waliliacha lilivyo.

Siku ya 6, 24 Julai. Kurudi

Namba 310 hadi Mjini, boti ya mchana, bahari nzuri zaidi. Kwa mtu mmoja, pamoja na boti, vyumba vya Jambiani na Mjini na chakula ambacho nusu tulikirimiwa, ilifika sh. 320,000 hivi.

Kapuni kulikuwa na pima kumi za usumba, upawa wa kifuu wa sh. 3,000, na nazi moja ya Bumbwini yenye kumbi, iliyokuwa imeanza kutoa kijichipukizi kitaluni na mwenyeji akaikataa kuwa mbegu kwa sababu ilichelewa. Tuliipasua nyumbani. Maji yalikuwa yamekwisha na ndani kumejaa joya, jeupe, laini, tamu kidogo. Lilitosha watu wanne. Kifuu kimebaki dirishani kwa ajili ya kata ya kutekea maji.